Burgumesta ni wa nani?

Kila mara siku za kura zikikaribia, maswali mawili huzunguka katika mitaa ya miji yetu. La kwanza husemwa kwa sauti ndogo: Mtu huyu ni wa kabila gani? La pili lingepasa kusemwa kwa sauti kubwa: Atautendea nini mtaa huu tunamokaa? Sisi twaona kwamba swali la kwanza limelimeza la pili tangu zamani, na hasara yake imekuwa kubwa. Tuutazame mji wa Lubumbashi, tupate kuelewa.

Mji huo ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville. Serikali ya Kibelgiji iliupanga kwa kuwatenga watu. Wazungu walikaa katikati, penye barabara pana na miti ya kivuli. Waafrika waliwekwa kando, kwanza katika Cité Albert, ambayo leo yaitwa Kamalondo, kisha katika Kenya, na baada ya vita vikuu vya pili katika Katuba na Ruashi. Kati ya pande hizo mbili paliachwa eneo tupu. Walisema kwamba mbu wa malaria asiweze kuruka kutoka kwa mweusi hata kwa mweupe. Mbu hakuujua mpaka huo, lakini mabomba ya maji na taa za barabarani viliujua vema. Tena wafanyakazi wa Union Minière walikuwa na makambi yao, yenye zahanati na shule za kampuni. Basi hata kati ya Waafrika wenyewe palikuwa na waliopewa na walionyimwa.

Ndipo ilipotoka sheria ya 26 Machi 1957, na tarehe 22 Desemba mwaka ule ule watu wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza. Komini za Waafrika zilipata burgumesta Waafrika, yaani wakubwa wa komini. Lilikuwa jambo kubwa, nasi hatulidharau. Lakini juu ya mji mzima alibaki mkubwa wa Kizungu aliyewekwa na serikali. Wenye kupiga kura walikuwa wanaume tu. Mama zetu, ambao ndio wateka maji, hawakuulizwa neno.

Je, baada ya kura ile watu walihesabu nini? Hawakuhesabu mabomba wala madarasa. Walihesabu asili za waliochaguliwa, wakaona kwamba wengi wao hawakuwa wenyeji wa Katanga. Uchungu ukaingia. Mwaka wa 1958 ilizaliwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji halisi. Mbegu hiyo haikufa upesi. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakajazana katika kituo cha treni cha Likasi wakingoja safari, na wengine walifia pale pale. Tena mitaa iliyofukuza watu haikupata kwa hayo hata kisima kimoja.

Leo katiba ya 2006 na sheria ya 2008 zinatupa njia nyingine. Wananchi huchagua washauri wa komini, na washauri humchagua burgumesta. Kura hiyo ilikawia sana. Ilipigwa tarehe 20 Desemba 2023, nayo katika komini chache tu. Kwa hiyo atakaye kuwa burgumesta huanza kwa kubisha hodi mlangoni petu. Akija tumkaribishe kwa heshima, tumpe kiti, tumwulize maneno matatu.

La kwanza: Mtaa wetu waujua? Atuambie maji ya mvua hutuama wapi, na watoto hubeba bidoni za maji kutoka umbali gani kabla ya kwenda shule. Sisi walimu twawajua watoto hao: hufika wamechoka, husinzia saa ya hesabu, na watu husema kwamba hawana akili. Kosa si la akili yao.

La pili: Fedha zitatoka wapi? Katiba imesema kwamba katika kila franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za mikoa. Sheria ya 2008 imesema kwamba katika fungu hilo la mkoa, 40 kwa 100 ni haki ya miji, komini, sekta na usheferi. Basi katika franka 100 za kwanza, 16 zingepasa kufika huku chini. Mtu anayetuahidi lami bila kutaja hesabu hizi, ama hazijui ama hataki tuzijue. Aseme pia kama atasoma hesabu ya komini mbele ya watu wote.

La tatu: Nani atatangulia? Mama mwenye watoto wawili, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, hagawi dawa sawasawa. Vivyo hivyo mtaa usio na maji hauwezi kungoja mpaka mtaa wenye maji upate taa za pili.

Papa Pio wa Kumi na Moja alifundisha mwaka wa 1931 kwamba kazi ambayo jamaa ndogo yaweza kuitimiza, isinyang'anywe na mkubwa. Fundisho hilo linatupa haki, lakini linatupa na kazi. Komini haitakuwa yetu kama twauza kura yetu kwa fulana na kilo moja ya mchele. Mchele huisha kwa siku mbili, na washauri hukaa miaka mitano. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa husahauliwa. Basi ninyi wanafunzi mjuao kalamu, waandikieni wazazi wenu ahadi za kila mgombea, na tarehe yake, karatasi itunzwe nyumbani.

Nanyi wazazi wakristo, siku ya kura mkumbukeni yule jirani asiye wa kabila lenu, anayeteka maji katika kisima kile kile mnachoteka ninyi. Kiu yake na kiu yenu ni moja. Siku ya hukumu Bwana atatuuliza kama tulimpa maji, wala hatauliza alitoka mkoa gani.