Mkia wa Namba

Msomaji, nataka kukusimulia kosa langu, maana kosa la mwalimu likifichwa hurithiwa na wanafunzi wake.

Siku moja ya maji mafu nilikwenda na wanafunzi wangu pwani ya Msambweni kupima kujaa kwa bahari. Tulisimamisha mti wenye alama kwa kila sehemu ya kumi ya mita, na kila saa mmoja wao alisoma kimo cha maji, wote wakaandika. Tuliporudi darasani nilitunga programu fupi ya kuchora grafu. Mchoro ulitoka vizuri, ila kwenye mhimili, mahali pa 0.3, kompyuta iliandika 0.30000000000000004.

Wanafunzi walicheka. Nami kwa kuona haya niliiamuru kompyuta ikadirie kila namba hadi namba kamili iliyo karibu. Mkia ulitoweka, lakini bahari nayo ikatoweka. Vipimo vya 0.6, 0.9, 1.2 na 1.4 vyote viligeuka kuwa 1, na maji yaliyopanda mbele ya macho yetu yakawa mstari ulionyooka. Kisha nikamwona msichana mmoja akifuta 1.4 katika daftari lake na kuandika 1. Nilipomwuliza sababu alijibu, "Mwalimu, mashine haikosei." Jawabu hilo lilinichoma moyo.

Jua, msomaji, kwamba kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Nusu na robo huziandika kamili. Sehemu ya kumi haina mwisho katika hesabu yake, kama vile thuluthi katika desimali zetu huwa 0.333 bila kikomo. Basi huikata mahali fulani, na programu yangu, kwa kujumlisha 0.1 mara kwa mara, ilikusanya mabaki ya mkato huo.

Usidharau mabaki hayo. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Marekani uitwao Patriot ulishindwa kuzuia kombora la Iraki, na askari 28 wakafa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu hiyo ilikuwa imekatwa mkia. Baada ya saa 100 hivi za kazi, kosa lilifika thuluthi ya sekunde. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kesho yake niliungama mbele ya darasa, tukatengeneza programu pamoja. Alama za mhimili tulizihesabu kwa namba kamili, 1, 2, 3, kisha tukagawanya kila moja kwa kumi. Kukadiria tulikuacha hadi wakati wa kuandika alama hizo, tena kwa desimali moja. Vipimo vyenyewe hatukuvigusa. Bahari ikapanda tena katika grafu.

Yule msichana aliirudisha 1.4 yake, safari hii kwa wino. Nawe, ulichokipima kwa uaminifu, usikifute kwa sababu mashine imesema vingine. Kwanza uliza imehesabuje.