Kununua Giza

Msomaji, siku hizi giza linauzwa, tena kwa dola. Sikutanii. Kuna miwani ambayo kazi yake ni kukunyima kuona. Vioo vyake vinaendeshwa na umeme: vinakuwa wazi, vinakuwa giza, wazi, giza, kama taa ya tyubu ambayo stata yake imechoka. Mwanamichezo anaivaa, anarushiwa mpira, na anatakiwa adake kwa vipande hivyo hivyo vya kuona anavyogawiwa.

Habari hizi kaniletea mdogo wangu. Yeye ni kipa hapa Sombetini, kwenye kiwanja cha vumbi ambacho ukiruka unaacha ngozi chini. Alimwona Stephen Curry, yule mshikaji wa Golden State Warriors, akidunda mpira huku ameivaa miwani hiyo. Basi, usingizi ukaisha. "Braza, nichangie," akaniambia. Bei yake ni mamia ya dola. Kwa kibarua changu, hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingi.

Sikukataa. Nikasema kwanza tujue tunanunua nini. Nikasoma. Mwaka 2011 kampuni ya Nike iliingiza sokoni miwani ya aina hii, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakatoa matokeo ya majaribio yao. Kioo kilikaa wazi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha giza, na giza likarefushwa kadiri mtu alivyozoea. Waliofanya mazoezi hayo wakawa wepesi zaidi kung'amua kitu kilichotokea mbele yao ghafla na kupotea. Katika kukaza macho kwa muda mrefu, hawakuwa na nafuu yoyote. Mwaka 2013 likatangazwa jaribio jingine, la wachezaji wa magongo ya barafuni wa Carolina Hurricanes: waliovaa walipanda kwa asilimia 18, wasiovaa wakabaki palepale. Ila usishangilie haraka. Wachezaji wote walikuwa 11 tu.

Siri yake ni nini? Chukua penalti. Kutoka kwenye nukta hadi golini ni mita 11. Shuti la kilomita 100 kwa saa linafika kwa sekunde 0.4 hivi, na mwili unahitaji karibu sekunde 0.2 ili uanze tu kujibu kile jicho lilichoona. Kipa anayesubiri auone mpira vizuri ameshachemsha. Lazima asome mapema: nyonga imegeukia wapi, mguu wa kusimamia umeelekea wapi. Miwani inamnyima mengi ili ajifunze kufanya kazi na machache. Inafundisha ubongo. Jicho lenyewe hailitibu.

Hapo ndipo nikasita. Kwa sababu mdogo wangu huyu, tukiwa kituoni, daladala ya Kwa Mrombo haitambui mpaka konda aite. Shuleni alikuwa anagombania dawati la mbele, wala si kwa mapenzi ya masomo. Mashuti ya karibu anayatoa kama paka. Ya mbali yanampita, na kijiweni wameshambatiza jina: Chujio. Anacheka nao, akifika nyumbani hasemi na mtu.

"Dogo," nikamwambia, "twende kwanza ukapime macho."

Akawaka. "Braza, unataka niitwe profesa? Umeona wapi kipa wa miwani?"

Nikamtajia Edgar Davids, Mholanzi aliyekipiga Juventus na miwani ya michezo usoni kwa sababu ya presha ya macho. Hakuna beki aliyemwona profesa. Dogo akanuna, akasema basi atamwita fundi afunge taa ya kupepesa chumbani, itakuwa bure. Hilo nikalikataa kabisa. Mwanga wa kupepesa unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, na chumba kile analala pia mtoto wa dada yetu, ambaye kifafa chake tunakijua.

Zoezi la bure lipo, na tumelianza: anasimama kaniangalizia mgongo, naita "Hee!", anageuka, mpira umeshatoka mkononi mwangu. Anadaka mengi. Nikisogea mbali, anadaka machache.

Sisi wa uswahilini tuna tabia ya kujisifia shida. Umeme ukikatika tunasema macho yetu yamezoea, vumbi likitimka tunasema ndilo linalotukomaza. Mimi siafiki. Giza la ile miwani lina swichi na kipimo, na mwanga unarudi kila mara. Giza la mdogo wangu hakuna aliyewahi kulipima. Kwa hiyo hela yangu inaanzia kwenye mwanga. Ya kununua giza tutaongea baadaye.

Nimemwambia Jumatatu asubuhi tunakwenda. Hajanijibu, ila raba zake amezifua.