Ndege Anayetikisa Mkia

Leo siandiki kuhusu mgao wala intavyuu. Naandika kuhusu ndege mdogo na mti wa parachichi.

Wale wa Nakivale mnamjua. Kule ziwani, karibu na mitumbwi, anatembea peke yake kwenye matope, mgongo kahawia, tumbo jeupe, mkia juu chini, juu chini. Vitabu vinamwita chamchanga. Uzito wake ni kama gramu 50 tu.

Asubuhi moja nilienda huko na mdogo wangu. Akaokota jiwe amtupie. Nikamshika mkono, nikamwambia nilichosoma: huyu hazaliwi hapa. Anataga chini, kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia. Kuanzia mwezi wa 8 wanafika huku Afrika, na ikifika mwezi wa 4 wengi wanarudi. Tena mwaka 2022 ndugu yake mmoja mkubwa, mwenye mdomo mrefu, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua hata mara moja.

Dogo akauliza, "Yaya, kwa hiyo iko na nyumba mbili?"

Nikakosa jibu.

Huu ni mwaka wetu wa saba hapa. Tulipofika tulipewa kiwanja. Mama akapanda mahindi na maharage, akaniambia nipande parachichi. Nikakataa. "Mama, parachichi linachukua miaka. Sisi tunapita tu." Kila msimu wa mvua ananiambia, kila msimu jibu ni lile lile. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikipanda mti, ni kama nimekubali kuwa Rutshuru imekwisha. Jirani yetu alipanda mwaka ule ule tuliofika. Sasa mama ananunua parachichi kwake.

Tukiwa bado pale, akaja chamchanga mwingine. Yule wa kwanza akamfukuza kwa ukali mpaka akaondoka. Kumbe hata huku ugenini wanalinda sehemu yao ya kula! Mwezi wa 4 ataondoka, lakini leo haya matope ni yake.

Watu wanapenda kusema ndege hawana mipaka, tuwe kama wao. Mimi usemi huo siupendi. Yeye anasafiri kwa msimu wake, sisi tulikimbia risasi usiku. Hatufanani. Ila kwa hilo moja la matope, amenifundisha.

Jumamosi nilipanda miche miwili nyuma ya nyumba. Mama hakusema kitu. Alileta tu dumu la maji, akamwagilia mwenyewe.

Rutshuru bado ni kwetu, na simu bado naisubiri. Kama tutaondoka kabla ya matunda, mwingine atakula.

Na wewe je, ni kitu gani umekataa kupanda kwa sababu "tunapita tu"?