Jiwe la Bismarck na Jicho la Mpita Njia

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe, baina ya mawe na chini ya mawe. Ndiyo maana huitwa Jiji la Miamba. Lakini katika mawe yote hayo, livumalo mbali ni lile lisimamalo majini karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo Wajerumani walilipa jina la Bismarck, kansela wao, mtu asiyepata kuikanyaga Afrika.

Mawe yamepandana, la juu likakaa kana kwamba limewekwa na mkono. Hakuna mkono. Itale ya huko ina umri uzidio miaka bilioni 2. Maji, jua na mvua viliila kupitia nyufa zake, kilicho dhaifu kikaondoka, kigumu kikabaki. Kazi ya umri wote huo leo hupewa nukta chache. Mgeni hufika, huligeuzia jiwe mgongo, hunyoosha mkono wenye simu, hutabasamu, huyoo anakwenda zake. Kabla ya jua kuchwa, picha imekwisha kuenea mitandaoni.

Hata hivyo, jicho la mpita njia halikuzaliwa na simu. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika pande hizi, akakaa siku chache, akalibandika ziwa jina la malkia wake, Victoria. Maji hayo yalikuwa na majina tayari: Waganda wakiyaita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wa kusini Nyanza.

Liko jicho jingine. Huko Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Huyo aliwatazama watu wa ziwa wakilima, wakivua, wakioa, wakiugua, na hakuwa na haraka.

Jiwe haliumizwi na picha. Kinachopotea ni kile kiachwacho nje ya picha: mvuvi ashonaye wavu, mama aanikaye dagaa, na kumbukumbu ya maji yenyewe. Maji hayo yapambayo tabasamu za wageni ndiyo yaliyoimeza MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Mamia walikufa, baadhi yao wamelazwa Igoma, kwenye makaburi ambayo hayamvuti mwenye simu.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi msomaji atakayejaliwa kufika Kamanga na alitazame jiwe kwanza kwa macho yake, kisha amsalimu aliye ufukweni na kumwuliza habari za ziwa. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyemwona.