Gari Litatengenezwa na Nani?

Msomaji, ukienda kudai huduma ambayo umekwisha kuilipia, sikiliza vitenzi. Tabasamu utakuwa umelipokea, hata chai huenda umekaribishwa. Lakini kitenzi ndicho kitakachokuonyesha kama mbele yako ameketi mtu aliyekubali wajibu, au mtu anayekusindikiza taratibu hadi langoni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kusikiliza vitenzi ndiyo kazi inayonipa riziki. Kwa wiki kumi na moja nilivisikiliza vitenzi vya mfanyabiashara mmoja wa magari yaliyotumika hapa Kampala. Simtaji jina, kwa kuwa tumekwisha kuandikiana makubaliano, na kwa kuwa mwenendo wake wanao wengi.

Yadi kama yake sisi huziita bondi, kwa sababu nyingi miongoni mwazo ni maghala ya forodha ambamo magari hukaa hadi yalipiwe ushuru. Magari yenyewe hutoka Japani kwa meli, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha hufika kwetu kwa barabara. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, ndiyo maana usukani huja tayari upande wa kulia. Tangu 2018 sheria ya usalama barabarani inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Hata hivyo, mwalimu anayesema amenunua gari jipya huwa amenunua gari lililokwisha kumtumikia mtu mwingine kwa miaka mingi, na ana kila sababu ya kuuliza kabla ya kutoa fedha: likiharibika mwezi wa kwanza, nani atalitengeneza?

Nililiuliza swali hilo. Bei ilikuwa shilingi milioni 24. Milioni 18 nililipa siku ya kwanza, nyingi zikiwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na milioni 6 zilizobaki tukazigawa mara mbili. Nilitaka mkataba useme kwamba injini na giaboksi zina dhamana ya mwezi mmoja, na mwenye yadi akaliandika hilo kwa mkono wake na kutia saini. Gari nililihitaji kweli. Mama yangu alianguka mwaka jana akaumia nyonga, na kila baada ya wiki mbili anapaswa kufika kliniki Mulago. Sisi tunakaa Mukono, na mtu mwenye nyonga ya namna hiyo humpandishi kwenye boda boda. Siku ya tisa, tukipanda kilima, giaboksi ilianza kutetemeka na kukataa kubadilisha gia. Siku ya kumi na moja nikalirudisha gari yadini.

Kabla ya kuacha ufunguo niliandika hati ya makabidhiano: tarehe, kilomita zilizosomeka, kiasi cha petroli, kasoro yenyewe, na jina la aliyelipokea gari. Kijana wa mapokezi aliitazama karatasi ile kama mtu aliyeambiwa atie saini cheti cha ndoa asiyoijua. Akatia.

Kisha vitenzi vikaanza. Wiki ya kwanza: gari limepelekwa kwa fundi. Ya pili: giaboksi imefunguliwa. Ya tatu: kipuri kimeagizwa. Ya tano: kazi imechelewa kidogo. Ya sita: litatengenezwa. Tazama, msomaji, jinsi sentensi hizi zote zilivyo sahihi kisarufi. Limepelekwa na nani? Kimeagizwa wapi, kwa fedha za nani? Kauli ya kutendwa ina heshima yake katika lugha yetu, nayo hutufaa pale ambapo mtenda hajulikani au hana umuhimu. Hapa mtenda alijulikana, na umuhimu wote ulikuwa wake. Ile “imechelewa” ndiyo iliyonikera zaidi, kwa maana kazi yenyewe imefanywa kuwa mkosaji, kana kwamba iliachwa na basi njiani.

Nilipopiga simu, majibu yalikuja kwa Kiganda. “Musomesa, tukikolako.” Yaani, mwalimu, tunalishughulikia, lakini kile kiambishi kidogo cha -ko mwishoni hupunguza uzito wa ahadi: tunalishughulikia kiasi, kwa sehemu, tukipata nafasi. Siku nyingine nilijibiwa “jjo” tu. Neno hilo kwa Kiganda laweza kuwa jana na laweza kuwa kesho, na kitenzi ndicho kinachokuamulia ni ipi. Likija peke yake, bila kitenzi, hujui kama umeahidiwa au umekwisha kupitwa.

Wiki ya sita nilizipeleka sentensi zile darasani, kwa wanafunzi wangu wa Senior 3, pasipo kueleza zilikotoka. Zoezi lilikuwa kuzigeuza kutoka kauli ya kutendwa ziwe za kutenda. Tulikwama kwenye sentensi ya pili. Msichana mmoja alinyoosha mkono akasema, “Mwalimu, hii haigeuki. Haikumtaja aliyefungua.” Nikampa alama zote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumtafuta mtenda. Bondi nyingi hazina gereji. Gari lenye kasoro hupelekwa kwa fundi wa nje, naye fundi hutegemea muuza vipuri, na mara nyingi muuza vipuri hatoi kitu hadi aone fedha. Ni mnyororo wa watu watatu au wanne, kila mmoja akimtazama mwenzake, na kauli ya kutendwa huufunika mnyororo mzima kama turubai. Kijana wa mapokezi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenizoea, alinielekeza gereji. Nililikuta gari langu pembeni, vumbi limejaa kiooni. Fundi alikuwa mzee mpole. Nilipomwamkia na kumwonyesha hati yangu, aliisoma yote, akafuta mikono.

“Nnyabo,” akaniambia, “giaboksi hii sijaigusa. Sijapewa hata shilingi ya kuanzia.”

“Mzee, niliambiwa imefunguliwa tangu wiki ya pili.”

“Na nani?” akauliza.

Swali lile lile la darasani.

Hapo ndipo washauri walipozidi. Wapo waliosema niende yadini na mwanamume, maana mwanamke peke yake hasikilizwi. Wengine, tena wengi zaidi, walisema nitafute ndugu mwenye cheo polisi ampigie yule bwana simu moja tu. Ushauri huu wa pili unastahili kujadiliwa, kwa sababu nchini kwetu umekuwa kama desturi. Mtu anayekudai anakutisha kwa selo, na unayemdai unataka kumtisha kwa selo. Lakini kuchelewesha matengenezo ya gari ni uvunjaji wa mkataba. Ni shauri la madai, na si jinai kwa sababu tu limetukasirisha. Ukimwazima askari ili akudaie, umeazima hofu, na hofu haina upande: kesho mwenye yadi naye atamwazima askari wa cheo kikubwa zaidi, nawe utakuwa umekwisha kukubali kwamba mambo huamuliwa hivyo. Tena simu ya ndugu haiachi karatasi. Gari likirudi na kuharibika tena baada ya wiki mbili, utaonyesha nini?

Sheria zetu zina zaidi ya tunavyodhani. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka kila mkataba wenye thamani ya kuzidi vipimo 25 vya fedha uwe katika maandishi, na kipimo kimoja ni shilingi 20,000; yaani, chochote kinachozidi shilingi 500,000. Sheria hiyo hiyo inauhesabu ujumbe wa kielektroniki unaoweza kurejelewa baadaye kuwa ni maandishi. Nayo sheria ya 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma haimwachii mtoa huduma ajipangie miaka: ikiwa mkataba haukutaja muda, kazi ifanywe katika muda unaofaa, kwa uangalifu na ustadi.

Kwa hiyo kila simu niliigeuza kuwa ujumbe. Nilikuwa nikikata simu, naandika papo hapo: “Ssebo, nathibitisha kwamba leo saa nne asubuhi umeniambia utamlipa fundi fedha za kuanzia kabla ya Jumatano. Kama sikukuelewa vyema, nisahihishe.” Hakunisahihisha hata mara moja, na kimya chake nacho kilikuwa na tarehe.

Awamu ya kwanza ya deni langu iliangukia wiki ya saba, shilingi milioni 3. Ndugu yangu alinisihi nisilipe hata senti hadi gari litoke. Mkataba, hata hivyo, ulisema kwamba nikichelewesha malipo mwenye yadi anaweza kulichukua gari, na gari lenyewe lilikuwa tayari mikononi mwake. Nililipa benki siku ile ile iliyoandikwa, nikampelekea nakala ya risiti pamoja na barua fupi ya kumkumbusha kwamba mimi nimetimiza upande wangu. Kama tungefikishana mbele ya hakimu, nilitaka asiwe na la kunidai.

Njia ya kwenda kwa hakimu, msomaji, ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha utaratibu wa madai madogo katika mahakama zetu, kwa ajili ya migogoro inayotokana na bidhaa, madeni au kodi ya pango, ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 10. Mawakili hawaruhusiwi kuwasemea wahusika; kila mtu hujisemea mwenyewe. Kabla ya kufungua madai, unampelekea unayemdai notisi ya maandishi na kumpa siku 14 za kujibu au kulipa.

Sikudai bei ya gari lote. Nilikwenda Kisekka, kwenye soko la vipuri, nikauliza bei ya giaboksi iliyotumika ya aina ile kwa wauzaji watatu, nikachukua ya katikati: shilingi 2,600,000. Ufundi, 300,000. Teksi ya kumpeleka mama Mulago na kumrudisha, mara sita kwa shilingi 90,000, ni 540,000, na risiti zote nilikuwa nazo. Jumla, shilingi 3,440,000. Nikaandika notisi, nikaifikisha mwenyewe, na kijana wa mapokezi akaipokea kwa saini bila kushangaa tena.

Siku ya kumi na mbili mwenye yadi alinipigia simu. “Nnyabo, haya ni mambo ya kuzungumza. Kwa nini tufikishane mahakamani?” Nilimjibu kwamba nami napendelea tuzungumze, ila tuzungumze tukiwa na kalamu. Tulikutana ofisini kwake, na nakiri alikuwa muungwana. Aliniambia kwamba biashara ilikuwa imembana, kwamba magari matatu yalikuwa yamekwama forodhani na fedha zake zimelala humo. Nilimwamini, na bado ninamwamini. Lakini dhiki yake hakuniambia wiki ya pili, wakati ningeweza kumpangia muda. Badala yake alinipa giaboksi iliyofunguliwa na mtu asiyekuwepo.

Rasimu yake ya kwanza, kwa Kiingereza, ilisema giaboksi itabadilishwa mapema iwezekanavyo. Kumbe hata Kiingereza kina turubai lake. Nikaomba sentensi ianze na yeye mwenyewe. Akacheka, akasema walimu ni watu wa taabu, kisha akaandika upya: yeye, kwa jina lake kamili, atabadilisha giaboksi kwa gharama yake na kunikabidhi gari kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki inayofuata, atatoa dhamana ya miezi mitatu, na fedha za teksi atazirudisha mara mbili, nusu siku ya makabidhiano na nusu mwisho wa mwezi. Tukatia saini wote wawili, na yule mzee fundi akawa shahidi.

Gari lilitoka Ijumaa ile, saa tisa na nusu. Nusu ya kwanza nilipewa taslimu, nikaandika risiti. Nusu ya pili, shilingi 270,000, inadaiwa tarehe 30 mwezi huu. Jana nilimpelekea ujumbe wa kumkumbusha, naye akanijibu kwa maneno mawili ya Kiganda: nja kusasula. Nitalipa.