Kiingilio cha Dola Mia

Dola 100 ni kama shilingi 13,000. Hiyo ndiyo ada ambayo Steam hudai kwa kila gemu unayotaka kuuza kwao. Kwa mse wa Seattle labda ni chakula cha jioni na marafiki. Kwangu ni kodi ya keja Zimmerman na tokeni za stima juu.

Ada yenyewe ina historia. Mwaka 2012 Steam walianzisha Greenlight: unaonyesha gemu yako, wachezaji wanapiga kura. Utani ukajaa mara moja, wakaweka dola 100, za kulipwa mara moja tu. Juni 2017 wakaifunga, wakaleta Steam Direct: dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa ikishaingiza 1,000. Kabla ya kuamua, walikuwa wametaja hata dola 5,000. Waza.

Wanasema ni ya kuchuja takataka. Hapo ndipo tunapokosana. Mtu anayenunua michoro iliyo tayari na kuibandika wikendi moja atatoa hizo dola mara kumi bila kulia. Biashara yake ni wingi. Anayekwama ni yule aliyekaa miaka miwili na gemu moja. Chujio linapima mfuko, si gemu.

Yangu ni ya kondakta wa matatu barabara ya Thika. Tulipoanza kuchanga ada, mathe alitoa 2,000 na swali.

“Hiyo ni ya nini, wanakuandika kazi?”

“Hapana, Mum. Ni ya kuingia.”

“Kama kiingilio cha mpira?”

“Kitu kama hicho.”

“Lakini kiingilio hulipa watazamaji. Si wewe ndiye unacheza?”

Sikuwa na jibu.

Ukishaingia, duka linakata asilimia 30. Tangu 2018, gemu ikipita dola milioni 10, makato ya mauzo yanayofuata hushuka hadi 25, na ikipita milioni 50, hadi 20. Yaani punguzo linamngoja tajiri. (Epic hawakati zaidi ya 12, kwa hivyo msiniambie haiwezekani.)

Kweli, Steam huifungua gemu kabla ya kuiachilia, kuona kama inafanya kazi na haina madhara. Kama ni tamu, hiyo ni shauri lako. Sawa. Basi ada ikatwe kwa mauzo ya kwanza, na anayepakia gemu ya kumi mwaka huu alipe zaidi ya anayepakia ya kwanza maishani.

Mchango wetu umefika 8,500. Wakati huo gemu iko itch.io, ambako muuzaji hujiamulia asilimia ya kuachia duka. Mimi naacha 10. Wanunuzi ni wachache. Lakini wiki jana mmoja aliniandikia aya tatu kuhusu steji ya Roysambu: ngumu kupita kiasi, abiria wanashuka bila kulipa, na tauti ana mdomo mchafu. Tauti nimemwacha vile alivyo.