Tulichagua mwezi kwa macho ya Bibi

Kwa miaka mingi likizo ya nyumbani kwetu ilipangwa na kalenda ya shule na siku ya mshahara. Shule zikifungwa na mfukoni kukiwa na kitu, tunaondoka. Mambo ya mvua, upepo na mwezi tuliwaachia wakulima na wavuvi.

Adhabu yake tuliipata Pasaka moja iliyoangukia Aprili. Tulitoka Dodoma na watoto wetu wawili, tukaenda Mikumi kisha Bagamoyo. Bei za vyumba zilikuwa chini, mimi na mume wangu tukajiona wajanja. Hatukujiuliza kwa nini zimeshuka. Mikumi nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Tukaambiwa kuna simba hatua chache kutoka barabarani, tuliona mkia. Njia za ndani zilikuwa tope jeusi lile linaloshika tairi kama gundi, tukakaa saa mbili tukisubiri kuvutwa. Bagamoyo mvua ilinyesha siku tatu. Mto Ruvu ulikuwa umeshusha udongo wake baharini, maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Mdogo wetu, wakati huo ana miaka mitano, akauliza, "Mama, kwani bahari ni ya bluu kwenye vitabu tu?"

Tulicheka, tukarudi, tukasahau. Tungeendelea hivyo hivyo kama si macho ya mama yangu.

Mama ni mkulima huko Kondoa. Januari mwaka jana kaka yangu alimleta Dodoma kwa sababu alikuwa anajigonga kwenye miimo ya milango. Tulidhani ni uzee. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Daktari alitueleza taratibu: ugonjwa huu hula pembeni kwanza, mtu anabaki anaona mbele kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone ya kila jioni ni ya kulinda kilichobaki.

Njiani kurudi nyumbani Mama hakusema kitu. Usiku, baada ya kumtia matone, akaniambia, "Mwanangu, bahari sijaiona. Na tembo nao sijawaona."

Nikamshangaa. Kijiji chetu kiko upande wa Mkungunero, na tembo wameshatulia mahindi zaidi ya mara moja.

"Wale nimewasikia," akasema. "Usiku, debe linapigwa, watu wanapiga kelele, unaona giza kubwa linatembea. Nataka nimuone mmoja mchana, ametulia, hali cha mtu."

Mzazi mwenzangu, ombi kama hilo halisubiri bonasi. Kesho yake tuliweka daftari mezani, na kwa mara ya kwanza tukaanza kuuliza maswali ambayo tulipaswa kuyauliza kabla ya ile Pasaka.

Tembo ilikuwa rahisi kupanga mahali, ngumu kupanga mwezi. Hifadhi ya Tarangire iko karibu na Kondoa. Unapita Babati, unafika geti la Kwa Kuchinja. Lakini hifadhi ile ina wakati wake. Mvua zikianza, kuanzia Novemba, nyumbu na pundamilia wengi hutoka kwenda nyanda za Simanjiro kufuata nyasi, na tembo nao hutawanyika kwa sababu maji yako kila mahali. Mvua zikikatika na madimbwi ya nje kukauka, kuanzia Juni wanarudi kwenye Mto Tarangire, na wingi wao huongezeka hadi Oktoba. Kwa hiyo kama unataka kuona wanyama bila kuwatafuta sana, unakwenda kiangazi. Nyasi zimelala, njia ni kavu, mbu ni wachache.

Bahari nayo ina kalenda yake. Kuanzia Desemba hadi Machi unavuma kaskazi. Jua ni kali, lakini mara nyingi maji huwa shwari na safi. Aprili na Mei ni masika, na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, hewa ni ya ubaridi mzuri lakini mawimbi ni makubwa, hasa mchana. Septemba na Oktoba kusi hupungua.

Ukiyaweka yote mawili pamoja, utaona kwamba mwezi mzuri kuliko yote ni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Tembo wako mtoni na bahari inaanza kutulia. Tuliuzungushia duara kwa kalamu nyekundu. Halafu tukaanza kuufuta. Mkubwa wetu alikuwa kidato cha pili, mtihani wa taifa ukikaribia. Mume wangu hakuwa na likizo. Na daktari alikuwa ametuonyesha kwa mchoro jinsi jicho la kulia lilivyopungua. Miezi tisa ni mingi kwa mtu mwenye bomba linaloendelea kubana.

Februari ingetupa bahari nzuri, lakini watoto wako shule, tembo wametawanyika, na fedha hatukuwa nazo. Ilibaki wiki ya mwisho ya Juni. Shule zimefungwa, mimi ningepokea zamu yangu ya mchezo, tembo wangekuwa wanarudi mtoni. Tungepoteza utulivu wa bahari. Na Mama angepoteza sehemu ya mavuno.

Hilo ndilo nililoogopa kumwambia. Juni mtama umekomaa, ndege hawangoji mtu. Nikampigia simu nikizunguka zunguka. Akanikatiza. "Mtama nimeuvuna miaka sitini. Kaka yako atavuna. Niambie siku."

Tulimpitia Kondoa alfajiri, tukaingia Tarangire kabla ya saa nne. Baridi ya asubuhi ilikuwa kali kuliko nilivyotegemea. Kama una watoto beba masweta, hata kama unakwenda "porini kwenye joto". Beba pia nguo za rangi nyepesi, maana mbung'o wa kule wanapenda nyeusi na bluu iliyokolea, na mume wangu alikuwa amevaa suruali ya jinzi. Alijifunza.

Mibuyu ilikuwa imepukutisha majani, magome yamechubuliwa na meno ya tembo. Chini mtoni walikuwepo, familia nzima, wakichimba mchanga kwa miguu ili maji yatoke. Dereva, kwa wema wake, akasogeza gari karibu kabisa. Watoto walishika midomo. Nikamgeukia Mama, nikaona anahangaika, anageuza kichwa huku na huku.

"Ananijaa," akasema. "Naona ngozi tu. Mwambie arudi nyuma."

Dereva hakuelewa, akadhani bibi ameogopa. Nikamweleza. Akarudisha gari nyuma hatua hamsini hivi, akazima injini. Mama akatulia. Akanyoosha kidole. "Sasa nimempata. Masikio. Mkonga. Na mtoto wake huyo chini." Alikaa akiwatazama muda mrefu bila kusema neno. Magari mengine yalikuja, yakasogea, yakapiga picha, yakaondoka. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani wa zamani, "Kumbe nanyi mnahangaikia maji."

Kama tungekuja Aprili, asingewaona. Mtu anayeona kwa bomba hawezi kumtafuta tembo kwenye nyasi ndefu.

Tulilala Arusha, kesho yake tukashuka Moshi, Same, Mombo, Korogwe. Ni safari ya siku nzima, na wenye watoto wadogo wangefanya vizuri kulala njiani. Sisi tuliendelea kwa sababu kila usiku ni hela. Muheza tulinunua machungwa, jioni tukafika Tanga, asubuhi tukaenda Pangani.

Hapo ndipo tulipolipa deni la Juni. Mkubwa alikuwa amesoma habari za Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kilicho mbele ya Pangani ambacho maji yakijaa huzama. Nilikuwa nimejitahidi, nimeangalia hata mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ndipo bamvua huja, na kwenye pwani yetu siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Kisiwa kinatoka nje kabla upepo wa mchana haujachafuka. Siku zetu nilizipanga hapo hapo. Lakini kusi halikusoma daftari langu. Nahodha alitazama nje, akatazama watoto, akatazama Bibi. "Mama, hela yako naitaka," akaniambia, "lakini leo sikupeleki."

Mkubwa alinuna hadi jioni. Sikumlaumu. Na nawaambia wazazi: nahodha akikataa, mshukuru, usitafute mwingine.

Mama yeye hakuhitaji boti. Tulimshika mikono tukamshusha ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Nilikuwa na hofu kwamba bahari itakuwa kubwa mno kwake, kama yule tembo wa karibu. Ikawa kinyume. Mbali kule, mstari wa maji na mbingu uliingia wote kwenye kile alichobakiza. Akaanza kushoto, akageuza kichwa polepole hadi kulia, kisha akarudi kushoto, kama mtu anayesoma barua ndefu. Akainama, akachota maji, akaonja, akatema. Mdogo wetu akacheka hadi akaketi kwenye mchanga.

"Bibi, ni ya bluu?"

Mama akafikiri. "Karibu ni ya kijani," akasema. "Mbali ndiyo bluu."

Nimeulizwa na rafiki zangu ni mwezi gani mzuri wa kwenda mbugani na baharini kwa safari moja. Jibu la haraka ni Septemba kuelekea Oktoba, kama watoto na kazi vinaruhusu. Lakini kwa kilichotukuta, siku hizi naanza na swali jingine: kati ya mnaosafiri, ni nani au ni nini hakiwezi kungoja? Kama ni mtoto anayetaka kuogelea, fuata bahari, na mbugani utaona utakachoona. Kama ni wanyama, fuata kiangazi na ukubali mawimbi. Ukiona bei imeshuka ghafla, uliza mvua. Ukitaka boti au kisiwa, uliza upepo na mwezi kabla hujalipa, na ujiachie siku moja ya ziada. Kila mwezi una kitu unachopoteza. Afadhali ukijue mapema, uwaambie watoto kabla ya kutoka nyumbani. Mimi sikumwambia mkubwa.

Oktoba tulimrudisha Mama hospitali. Jicho la kushoto limeshikilia. La kulia limepungua tena kidogo. Matone yanaendelea.

Mkubwa bado anadai kisiwa chake. Tumeangalia: Desemba mwaka huu, shule zikiwa zimefungwa, kusi limeondoka, siku za mwezi mpevu. Nikampigia Mama nikamwambia ajiandae, safari hii ni bahari tu.

"Desemba?" akasema. "Desemba mvua zinaanza, napanda. Nendeni nyie. Mimi nimeshaiona."